Jina peke yake halimtambulishi askari aliyekufa vitani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Gatineau, Kanada, na nimeolewa na mtu wa Quebec. Kaka yake bibi mzaa baba wa mume wangu alikuwa askari wa Batalioni ya 22, ile ya wasemaji wa Kifaransa. Aliuawa Courcelette, Ufaransa, Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akiwa na miaka 19. Nyumbani tuna bamba la shaba lenye jina lake, na jina hilo limo pia kwenye jiwe la kaburi la wazazi wake kijijini. Mtu mmoja wa mtandaoni ametuuzia kwa dola 180 picha ya kaburi lake huko Ufaransa. Jina ni lilelile, ila jiwe linasema alikufa 1918. Muuzaji anasema makarani walikosea. Twende tukaweke maua?

JIBU: Marahaba, dada. Huyo wa kwenye picha ni askari mwingine. Ni kweli makarani wasemaji wa Kiingereza waliyaharibu majina ya Kifaransa, lakini kosa la karani halimwongezei mtu miaka miwili ya kuishi.

Napokea maswali ya aina hii mfululizo, na karibu yote yana kosa hilohilo: jina likifanana, basi ndiye. Quebec ya wakati ule wavulana wa Kikatoliki karibu wote walibatizwa Joseph kabla ya jina la kuitwa, na koo chache zilijaza parokia nzima. Hapo jina linathibitisha nini? Hata bamba lenu la shaba, ambalo serikali ya Uingereza ilizipa familia za waliokufa, liliandikwa jina tu kwa makusudi, bila cheo wala namba, ili waliokufa wote wawe sawa. Ni heshima kubwa, lakini si ushahidi.

Askari hutambulika kwa namba yake ya jeshi. Waulize wazee wa ukoo kama kuna msalaba mdogo wa fedha, ambao Kanada ilianza kuwapa mama na wajane wa waliouawa Desemba 1919. Geuza nyuma: mara nyingi pamechorwa namba, cheo na jina. Kama kuna medali ya vita, tazama ukingoni mwake.

Ukishaipata namba, ingia kwenye tovuti ya Maktaba na Nyaraka za Kanada. Majalada zaidi ya 600,000 ya askari wa vita ile yako wazi, bila senti moja. Tazama jina na anwani ya ndugu wa karibu, kisha ulinganishe na rejista ya ubatizo ya parokia. Umri ukipishana usishtuke, vijana wengi walijiongezea miaka ili wapokelewe. Wala usilitupe jalada kwa sababu linataja batalioni nyingine mwanzoni. Joseph Kaeble, aliyetunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, aliandikishwa Batalioni ya 189 kabla ya kufika ya 22.

Kuhusu kaburi, jiandaeni kwamba huenda hana. Lile jiwe la kijijini ni la kumbukumbu tu. Wafaransa waliruhusiwa na sheria ya 1920 kuwarudisha wapendwa wao makwao, lakini askari wa Kanada walizikwa walikofia. Wasiojulikana walipolala majina yao yamechongwa kwenye mnara wa Vimy, kumbukumbu ya Kanada huko kaskazini mwa Ufaransa, zaidi ya 11,000, wote waliofia Ufaransa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola itakuonyesha bure kama yumo.

Hawa wauzaji wa makaburi wananikasirisha kuliko ninavyoweza kueleza. Wanachukua kilicho wazi kwa kila mtu, wanakitafuta kwa jina tu dakika tano, kisha wanaiuzia familia yenye uchungu. Siku hizi wanauza hata sura: picha ya kijana asiyejulikana, imetiwa rangi, inaingia kwenye mti wa ukoo, na baada ya mwaka mmoja familia ishirini zimeinakili. Ukija kuwaambia si yeye, wanakuona adui. Nami nimetumia miaka kuwatafuta wapagazi na askari wetu wa Afrika Mashariki wa vita hiyohiyo. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa hata majina. Aliyeachiwa namba, jalada na anwani ya mama yake, halafu tunambadilisha na mtu mwingine kwa sababu ya haraka ya wiki moja!

Picha mliyouziwa msiifute. Juu ya jiwe lile kuna namba. Lifungueni jalada lake kwanza, muone alikuwa mtoto wa nani. Mkifika Ufaransa, naye mwekeeni maua.