Kwa nini uyoga si mmea

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini umekoseshwa swali kwa kuuweka uyoga kwenye himaya ya mimea (himaya ni kundi kubwa kabisa la viumbe), ilhali unaota ardhini na hautembei. Usitazame kiumbe kinapoota, tazama kinavyopata chakula. Uyoga hauna umbijani, ile rangi ya kijani ya mimea, kwa hiyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Unamwaga vimeng'enya, yaani kemikali za kumeng'enya chakula, kwenye gogo linalooza, kisha unafyonza kilichoyeyushwa. Hata kuta za seli zake ni za kitini, ile ile iliyomo kwenye gamba la panzi, si za selulosi kama za mchicha. Kwa nasaba, kuvu, yaani himaya ya uyoga, ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea!

Mwaka 1969 mwanabiolojia Robert Whittaker alipanga himaya tano: monera (viumbe wa seli isiyo na kiini, kama bakteria), protista (viumbe sahili wenye kiini, kama amiba), kuvu, mimea na wanyama. Ukikuta kitabu chenye sita usibabaike. Mwanabiolojia Carl Woese alionyesha kwamba monera ni makundi mawili tofauti kabisa, bakteria na arkea. Fuata muhtasari wa darasa lako.

Kwenye mtihani, anza kuuliza kama seli ina kiini. Kama haina, hiyo ni monera. Ikiwa nacho, ndipo uulize habari ya chakula.