Mkuu, kabla hujanunua jini ghali, kagua friji lako

Umeuliza kwa nini martini, ile kokteli ya jini, unayojitengenezea hapo Tabata inatoka chapwa kama maji ya kusuuzia glasi, na kama dawa yake ni kununua jini ya bei mbaya. Subiri kwanza. Mimi niliunguza hela kwa njia hiyohiyo nikiwa Sinza, karibu miaka mitatu, chupa baada ya chupa, kumbe mchawi wangu yuko jikoni.

Lakini kuna kosa la mwanzo ambalo nahisi na wewe umelipitia. Ukiingia duka la vinywaji hapa Dar ukasema "nipe Martini", unapewa chupa yenye neno hilo kwenye lebo. Ile siyo kokteli yenyewe. Ni vemuthi, yaani divai iliyotiwa mitishamba ikaongezewa pombe kali, na Martini ni jina la kampuni ya Italia inayoitengeneza. Mimi nilibeba ile ya Bianco, ambayo ni tamu, nikachanganya nusu kwa nusu na jini (hii ya chupani, wale wa baharini tuwaache), nikamkaribisha shemeji yangu. Alionja, akaishusha glasi taratibu, akaniuliza kwa adabu zote: "Shem, hii ni ya kikohozi?"

Unayoitaka imeandikwa Extra Dry. Ukishaifungua iweke kwenye friji, maana ile ni divai, inachacha. Yangu ilikaa kabatini na vyombo vya wageni kuanzia Pasaka hadi Krismasi. Siku naimimina ina rangi ya chai ya mkandaa na harufu ya siki. Kwenye friji jipe mwezi, miwili ikizidi sana. Inayobaki tia kwenye rosti ya kuku, hutajuta.

Kipimo cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa ni mililita 60 za jini kwa 10 za vemuthi. Kama huna kile kikombe cha kupimia toti, chukua vijiko vinne vya chakula vya jini na viwili vya chai vya vemuthi. Hesabu inatoka sawasawa. Usikisie kwa macho, chupa zikishafunguliwa macho huwa na ukarimu.

Sasa nije kwenye tatizo lako lenyewe. Barafu inapopoza kinywaji inayeyuka, na yale maji yanaingia humo humo. Hayo maji siyo adui, martini bila maji ni moto mtupu kooni. Inahitaji kama robo ya ujazo wake. Shida ni kwamba mapishi mengi tunayosoma yameandikwa na watu ambao jini yao imekaa kwenye rafu ya nyumba ya nyuzi 20. Yako imekaa sebuleni Tabata mwezi wa Februari, na jagi lako la kukorogea lina joto lilelile. Barafu lazima iyeyuke kwanza kupoza jini, kupoza jagi, na ndipo ikupoze wewe. Ukimaliza una glasi ya maji yenye harufu ya jini.

Mimi nilipogundua hilo nikakimbilia upande wa pili. Nikatupia kila kitu kwenye friza: jini, jagi, glasi, mpaka kijiko. Jini haigandi kwenye friza za nyumbani, inakuwa nzito tu kama sharubati. Nikakoroga na barafu, nikamimina, nikanywa, machozi yakanitoka. Jini ilikuwa ya baridi kiasi kwamba barafu iliyeyuka kiduchu tu, kwa hiyo maji yaliyoingia hayakutosha. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba yote mawili, ile chapwa na ile ya moto, ni ugonjwa mmoja: kiasi cha maji.

Ninavyofanya siku hizi: jini na jagi vinakaa kwenye friji la kawaida tangu mchana, glasi ndiyo inaingia friza. Nakoroga jini na vemuthi pamoja na barafu kama nusu dakika, naonja, naongeza kidogo ikibidi. Na ukiwa na haraka ukatumia jini ya kwenye friza, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji baridi. Hiyo peke yake itakusaidia kuliko kubadilisha chupa.

Barafu nayo, mkuu. Kama friza lako ni kama la kwetu, humo kuna vibua, utumbo na nusu kilo ya dagaa kamba za mama mkwe. Barafu inafyonza harufu zote hizo, na martini haina juisi ya kuificha. Chemsha maji, yapoe, yamimine kwenye kopo la aiskrimu lenye mfuniko, yagande usiku kucha. Kesho yake funga bonge kwenye taulo safi uligonge na mchi. Vipande vikubwa vinayeyuka polepole kuliko vile vidogo vya trei. Zile barafu za kununua barabarani sizitumii, za kupozea kreti la bia sawa.

Koroga, usitikise. Yule jasusi wa kwenye sinema, James Bond, anatikisa, ni shauri yake. Ukitikisa kinaingia mapovu na chembe za barafu, kinywaji kinakuwa na ukungu. Kuchuja, chujio la chai linatosha.

Limao liwe limao, siyo ndimu. Menya ganda jembamba bila ile nyama nyeupe, likunje juu ya glasi mpaka uone mafuta yanaruka. Ukipenda zeituni, chagua za maji ya chumvi. Za mafuta zinaacha utando juu kama supu ya makongoro.

Najua kuna mtu atauliza habari za Konyagi. Nimejaribu. Kwanza ina asilimia 35, wakati kwa sheria za Ulaya jini haishuki chini ya 37.5, kwa hiyo ukiiongezea maji ya barafu inalegea. Pili haina ile harufu ya vitunda vya junipa inayoifanya jini iitwe jini. Mzinga wa nyagi una tonic yake na ndimu yake, uheshimu hivyo. Divai nyeupe kavu ya Dodoma badala ya vemuthi nayo niliijaribu. Inanyweka, ila ule uchungu wa mitishamba unaukosa.

Glasi nunua ndogo. Kariakoo wamejaza zile pana za kupigia picha, kinywaji kinapata joto kabla hujafika nusu. Na usidanganyike na udogo wake: kwa jini ya asilimia 43, glasi moja ina pombe kuzidi kidogo bia ya nusu lita ya asilimia 5. Shemeji alizikataa za mwanzo, hizi za sasa alikunywa tatu, ikabidi tumwitie bajaji na pikipiki yake ilale kwangu.

Siku umeme umekatika tangu asubuhi usijisumbue kabisa. Mimi huwa natuma mtoto kwa Mangi akaulize kama bia bado zina ubaridi.