Jibu: Kupanda Ngong kila alfajiri baada ya msimu? Futa hiyo ratiba

Wee kijana, futa. Futa kabla ya Jumatatu.

Unasema msimu wako wa skwoshi umeisha wiki iliyopita na tayari umejipangia: Ngong Hills alfajiri siku tano kwa wiki, jioni kukimbilia pembe za uwanja bila mpira, Jumamosi ngazi za stediamu. Halafu unatuuliza ule nini, nyuzi za raketi uzikaze kiasi gani, na uende Cairo lini kwa shindano la Septemba. Kula chochote. Kilichonifanya niweke kikombe chini ni ile sentensi uliyoipitia haraka: "kisigino kinakaza kidogo asubuhi lakini kikipata joto kinaachia."

Hakijaachia. Kimekudanganya.

Ratiba hiyo nilipewa mimi, karibu neno kwa neno, na kocha mmoja wa hapa mjini. Simtaji kwa sababu bado tunasalimiana pale maegeshoni. Kwake yeye likizo ni ya wanafunzi. Msimu ukiisha Ijumaa, Jumatatu uko mlimani. Nikimwambia nyuma ya kisigino kunauma, ananiambia nipashe misuli moto, na kweli nikikimbia kidogo maumivu yanaisha. "Umeona? Ulikuwa uvivu." Mtu anayelipwa kwa saa anakupima kwa dakika kumi za kwanza za mazoezi! Kano ya kisigino iliyochoka haisemi jioni. Inasema kesho yake asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani. Nilikuwa nashuka ngazi za ploti yetu upande upande kama kaa, nimeshika chuma kwa mikono miwili, na mama wa mboga pale chini akawa ananipa pole kila siku. Yule mama aligundua ugonjwa kabla ya kocha.

Na mlima ndio ulionimaliza. Ukipanda, unyayo unakunjika kuelekea juu na kano inavutwa hadi mwisho kila hatua. Jioni unarudi uwanjani kuruka na kusimama ghafla juu ya kano ile ile. Itapona saa ngapi?

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo unapoelekea. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka vizuri, mara nyingi unakufuata wenyewe. Shuka Mombasa au Cairo na mpira ule ule wa nukta mbili za njano, aina inayodunda kidogo kuliko zote: unafia mbele. Dropu, ule mpigo laini unaofia karibu na ukuta wa mbele, ambayo hapa ungeifikia ukiwa umesimama, kule unaifuata chini, hatua ndefu mpaka goti linakaribia sakafu, kisha unajisukuma kurudi kwenye T, pale katikati ya uwanja mistari inapokutana. Tena na tena, gemu nzima. Niliingia huko mapafu yakiwa safi kabisa, kocha alikuwa na haki ya kujivunia mapafu. Gemu ya pili, hakuna aliyenigusa, mguu wa kulia ukagoma. Nilidhani mpinzani amenikanyaga, nikageuka kumlalamikia refa. Mpinzani alikuwa nyuma kabisa ya uwanja.

Kano ilichanika, haikukatika. Daktari akasema nimshukuru Mungu. Nikamshukuru, kisha nikaiona bili.

Nauli nilijilipia, viza nilijilipia, hoteli nilijilipia. Na pointi za PSA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa skwoshi duniani, hazikungoji upone: matokeo yakitimiza mwaka yanatoka kwenye hesabu, nawe uko sofani na barafu mguuni unajitazama ukiteremka orodha. Kocha alinitumia ujumbe mmoja, eti nitumie muda huo kufanyia kazi akili. Akili gani, yangu au yake?

Halafu akatokea jamaa wa jimu na ushauri wa kudungwa sindano ya steroidi karibu na kano ili nimalize msimu. Ukiambiwa hivyo, ondoka. Sindano hiyo inaweza kunyamazisha maumivu huku kano ikidhoofika mpaka ikatike kabisa. Hilo hakulitaja. Alikuwa pia anauza protini.

Najua utaniletea video ya Paul Coll. Ni kweli, jamaa wa New Zealand, alifika nambari moja duniani mwaka 2022, anakimbia mpaka unachoka kumtazama. Video ya dakika moja haikuonyeshi miaka aliyoijenga hiyo miguu.

Fanya hivi: mapafu yasubiri kano. Pumzi inarudi kwa wiki chache, kano inataka miezi. Wiki mbili usiguse raketi. Ogelea, endesha baiskeli msitu wa Karura, lala. Halafu simama sakafuni, inua visigino polepole, hesabu tatu juu, hesabu tatu chini, goti limenyooka. Rudia goti likiwa limekunjwa, ili msuli wa ndani wa shavu la mguu nao ufanye kazi. Mguu mmoja mmoja ukiweza. Uzito? Begi mgongoni lenye pakiti za unga za kilo mbili. Anza na mbili, ongeza kila inapokuwa rahisi. Siku moja fanya, siku moja acha. Asubuhi inayofuata kisigino kikikaza kuliko jana yake, toa pakiti. Kuruka na kukimbilia pembe kwa kasi viache mpaka visigino viwe vimenyamaza asubuhi kwa wiki kadhaa mfululizo. Ngong itakuwepo Desemba, haiendi popote.

Leo usiku, kabla hujanijibu kwamba wewe ni kijana na mwili wako ni tofauti: simama karibu na ukuta, mguu mmoja, inua kisigino mpaka kishindwe. Badilisha mguu. Kama mmoja unafika 25 na mwingine unaishia njiani, hilo ndilo jibu, tafuta fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) wiki hii. Niandikie hapa namba zote mbili, na usidanganye kuhusu ule unaouma.