Catholicus au catholicam?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kwaya yetu inajifunza kuimba Kanuni ya Imani kwa Kilatini, nasi tumefika penye maneno "unam, sanctam, catholicam et apostolicam Ecclesiam". Katika kamusi nimelikuta neno hilo limeandikwa "catholicus". Kwa nini linabadilika, na je, asili yake ni Kilatini kweli?

JIBU: Asili yake ni Kigiriki. Wagiriki walikuwa na kihusishi kata na kivumishi holos, yaani "-zima". Maneno hayo yalipokutana, irabu ya mwisho ya kata ilidondoka na pumzi ya h ikaingia katika t, ndipo wakasema kath' holou, "kwa ujumla wake". Kutoka hapo wakaunda kivumishi katholikos, ambacho Mtakatifu Inyasi wa Antiokia alikitumia kulitaja Kanisa mwanzoni mwa karne ya 2, katika barua yake kwa Wakristo wa Smyrna.

Kilatini hakikupata taabu kulipokea, kwa kuwa kilikuwa na vivumishi vyake chenyewe vya kuishia na -icus, kama bellicus, "-a vita", kutokana na bellum. Kikalipa miisho yake: catholicus kwa nomino za kiume, catholica kwa za kike, catholicum kwa zisizo za kiume wala za kike. Mkazo nao ukahama. Mgiriki aliuweka kwenye silabi ya mwisho. Mlatini huuweka kwenye "tho", kwa sababu irabu ya "li" ni fupi, hivyo nawasihi msiukaze "li" kwa mazoea ya Kiswahili.

Sasa hiyo -am. Ecclesia, neno jingine lililotoka Kigiriki, ni nomino ya kike, na katika Kanuni ni yambwa ya kitenzi credo, "nasadiki". Ndiyo maana linakuwa Ecclesiam, na vivumishi vyote vinne vinalifuata. Lingekuwa kiima, mngeimba Ecclesia catholica.

Upatanisho huo tunao nasi, ila alama yetu hukaa mwanzoni: vitabu vitakatifu, maji matakatifu. Kinachonivutia ni kwamba katoliki, likiwa kivumishi, halikubali alama hiyo: husemwa Kanisa katoliki, makanisa katoliki, vyuo vikuu katoliki. Likigeuka nomino ndipo viambishi vyetu vinapolishika, tukapata Mkatoliki, Wakatoliki na Ukatoliki.