Kina cha uvimbe wa ulimi na hatari ya saratani kufika shingoni

Swali: Mgonjwa wetu ana saratani pembeni mwa ulimi, yenye upana wa sentimita 1.5. Kipimo cha CT hakikuonyesha tezi yoyote ya limfu yenye kasoro shingoni, lakini daktari wa upasuaji anashauri tezi ziondolewe kwa kuwa uvimbe umezama milimita 6. Kwa nini kina kipewe uzito kuliko picha?

Jibu: Picha huitambua tezi kwa ukubwa na sura yake. Tezi inayozidi takriban milimita 10, au ambayo kiini chake kimeoza, hutiliwa shaka. Lakini kikundi kidogo cha seli za saratani huweza kujificha ndani ya tezi ya milimita 5 bila kuibadilisha hata kidogo. Kina hueleza jambo jingine: kadiri uvimbe unavyochimba kuelekea kwenye misuli ya ulimi, ndivyo unavyokutana na mishipa mingi ya limfu inayoelekea shingoni. Kwa sababu hiyo, toleo la 8 la TNM, mfumo wa kupanga hatua za saratani, linauhesabu uvimbe wa upana huo kuwa T1 (daraja la chini la uvimbe) iwapo kina hakizidi milimita 5, na wenu, kwa milimita 6, kuwa T2, daraja linalofuata.

Msichanganye kina na unene. Chini ya hadubini, mstari huvutwa usawa wa utando usio na ugonjwa ulio jirani, kisha hupimwa kutoka hapo kwenda chini hadi seli ya mwisho ya saratani. Uvimbe uliochomoza kama uyoga unaweza kuwa na unene wa milimita 9 na kina cha 3 tu, ilhali kidonda kilicholika katikati huonekana chembamba kumbe kimezama mno. Seli zilizoingia kwenye neva au mishipa ya limfu huongeza hofu.

Utafiti wa Mumbai uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu saratani za kinywa za hatua za mwanzo, zisizo na dalili shingoni. Baada ya miaka 3, asilimia 80 ya walioondolewa tezi mapema walikuwa hai, dhidi ya 67.5 ya waliosubiri hadi tezi zijitokeze. Upasuaji huo unaweza kudhoofisha bega, na mgonjwa anastahili kuelezwa hilo waziwazi. Hata hivyo, kwa kina hicho, naafikiana na daktari wenu.

Ulizeni pia milimita 6 zilipimwa kwenye nini. Ikiwa ni kinyama kidogo kilichokatwa kwa uchunguzi, huenda hakikufika chini kabisa ya uvimbe, na kina halisi kikawa kikubwa zaidi.