Kabla hujanunua mbegu, onja maji

Nilianza na nyanya, kosa la karibu kila mtu anayeanza. Viroba sita vya saruji, udongo niliouchota nyuma ya nyumba, mbegu za dukani Kariakoo, vyote nikavipanga kwenye uchochoro wa nyumba tunayopanga Tabata. Miche ikaota vizuri tu. Nikapiga picha, nikatamba. Wiki ya tano kingo za majani zikaanza kukauka, rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Nikadhani ni njaa, nikaongeza samadi ya kuku mbichi. Ikawa ndiyo mazishi.

Bibi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akinitazama siku zote bila kusema kitu, ndiye aliyeniuliza: "Mwanangu, hayo maji unayomwagilia umeyaonja?"

Sikuwa nimeyaonja. Ni ya kisima, yale ambayo sabuni haitoi povu hata ufikiche vipi. Ya kunywa tunatafuta ya bomba, ila mimea nikaona ni mimea tu. Nikaonja. Chumvi.

Visima vingi vya Dar ndivyo vilivyo, na kwenye kiroba balaa linazidi. Kila ukimwagilia, jua linaondoka na maji na chumvi inabaki. Kesho unaongeza nyingine. Shambani mvua huishusha chini. Kwenye kiroba kisicho na matundu haina pa kwenda, inajikusanya mpaka mizizi inashindwa kunywa. Samadi mbichi ya kuku nayo ina chumvi zake na ni kali, kwa hiyo nilikuwa naunguza kutoka pande mbili.

Sasa natoboa matundu ya kutosha chini, ukubwa wa kidole. Mara moja kwa wiki namwagilia kwa maji ya bomba, au ya mvua kama yapo, mpaka yachuruzike chini kwa muda, ili chumvi itoke. Siku nyingine nachanganya nusu kisima nusu bomba. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayatupwi tena kwangu, yanaenda kwenye viroba. Ya kuoshea vyombo yenye sabuni na chumvi ya mchuzi, hapana.

Na nimekubali kupanda kinachovumilia. Mchicha na spinachi vimenistahimilia. Maharage yalikataa katakata, sijarudia. Matembele nayapa maji ya bomba tu. Marando yake, yaani vipande vya shina vya kupandia, omba kwa jirani, hakuna sababu ya kununua. Mchicha wiki ya tatu au ya nne unakula. Usiung'oe. Kata juu, acha shina na majani machache chini, utachipua tena.

Udongo: mchanga wetu hauna subira na maji, yanapita tu. Mimi natumia ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka imekuwa nyeusi na haina harufu. Maganda ya ndizi na viazi naozesha kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa. Mama mwenye nyumba alilalamikia harufu na nzi, na alikuwa na haki. Tangu nianze kufunika kila tabaka la maganda kwa majani makavu ya mwembe, amenyamaza.

Vidukari kwenye sukuma wiki nawanyunyizia maji ya sabuni jioni, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja, hasa chini ya jani. Mdudu mkubwa kuliko wote ni kuku wa jirani. Kwa huyo hakuna dawa zaidi ya wavu.

Usitegemee kutajirika. Viroba sita vinatupa mboga mara mbili kwa wiki, basi. Lakini najua zimemwagiliwa nini, na ukishapita bonde la Msimbazi ukaona maji yanayotiririka kando ya matuta ya mboga, hilo si jambo dogo. Siwalaumu wakulima wa pale, hawakuyachafua wao.

Kama bati lako lina mtaro, tega pipa kabla ya masika, maana mvua za Machi hadi Mei ndizo za kujaza na kusafishia viroba. Mvua ya kwanza iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Halafu funika pipa kwa kitambaa kizito, ukaze kwa kamba pande zote. Dengi ilitutesa jijini 2014, ikarudi 2019, na mbu wake anapenda maji yaliyotulia nyumbani kama hayo. Mimi nimefunika kwa khanga mbili zilizopauka, moja juu ya nyingine, na kila Jumamosi nafungua kuchungulia kama kuna viluwiluwi.