Picha ya uso na simu kizuizini: mamlaka ya polisi yanaishia wapi?

SWALI: Assalaam aleikum, Ndugu Mhariri. Mwanangu huchukua samaki Mokowe na kuwapeleka Malindi kwa basi. Majuzi, kwenye kizuizi kimoja cha polisi, abiria walishushwa, wakapigwa picha za uso mmoja mmoja, kisha yeye akaamriwa afungue simu ili askari asome jumbe zake. Alipouliza sababu, akaambiwa ni usalama. Usalama hatuupingi, maana twajua tulikotoka. Lakini je, sheria yaruhusu haya, na picha hizo huenda wapi?
Mama, Mokowe

JIBU: Wa aleikum salaam, Mama. Aliyeishi Lamu tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 hahitaji kufundishwa kwa nini magari husimamishwa, na kuonyesha kitambulisho kikidaiwa ni jambo la kawaida.

La simu ni zito zaidi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, pamoja na mawasiliano yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inamtaka polisi anayetaka kupekua data iliyohifadhiwa aombe hati mahakamani. Na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inampeleka hadi Mahakama Kuu afisa anayetaka kunasa mawasiliano ili apate ushahidi, naye sharti awe na cheo cha Inspekta Mkuu (Chief Inspector, si mkuu wa polisi wote) au zaidi. Mwanao asing'ang'aniane na mtu mwenye bunduki. Aulize kwa upole hati iko wapi, aseme wazi kwamba hajaridhia, na akumbuke namba ya askari, saa na mahali.

Kuhusu picha, wengi hudhani kwamba likishatajwa neno usalama, mjadala umefungwa. Sivyo. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinatoa msamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba hakuna anayesamehewa wajibu wa kufuata sheria anapotumia data, kukusanya kiasi kinachohitajika tu, na kuilinda. Kuhifadhi uso wa kila abiria, awe anashukiwa au hashukiwi, kwa maoni yangu hakupiti kipimo hicho, na linaniuma kwamba vijana wa pwani wamelizoea.

Waandikieni polisi barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inakubali maombi ya Kiswahili na inataka jibu ndani ya siku 21. Ulizeni picha zimehifadhiwa wapi, nani huziona, na zitafutwa lini. Malalamiko kuhusu data yapelekwe kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, anayepaswa kuyamaliza katika siku 90. Ya mwenendo wa askari yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayochunguza utendaji wa polisi. Nakala ya barua, Mama, igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjaondoka pale mezani.